Miembe Aliyoihukumu Recheli

Wifi yangu Recheli akikuambia jambo, hukuambia mara moja tu, halafu anakutazama usoni mpaka ukubali. Nimeishi naye uwanja mmoja kwa miaka ishirini na minane, tangu kaka yangu Marko alipomleta kutoka Lusu, na sijawahi kumshinda hata ubishi wa chumvi kwenye mboga. Kwa hiyo nikisema hapa kwamba mwaka juzi alikosea mbele ya kijiji kizima, mniache niseme kwa raha kidogo. Raha yenyewe haikudumu.

Kwao Lusu ni mashamba na ng'ombe. Alipofika kwetu, upande wa Ipole, hakuwa amewahi kuona mzinga. Siku ya kwanza aliyopita porini na Marko aliona gogo limelazwa juu ya mti, akauliza ni nani aliyekwenda kuficha ngoma yake huko. Rafiki zake Marko walicheka mwezi mzima, na mimi nilicheka nao. Bibi harusi mwingine angenuna, yakaisha. Recheli alianza kuuliza. Aliuliza kwa nini gogo la mti huu na si ule, kwa nini moshi, kwa nini wanaume peke yao. Hilo la mwisho halikumfurahisha mtu. Siku hizo wanaume ndio waliokwenda kambini, ndani kabisa ya msitu, wakakaa majuma wakirina asali, na sisi wanawake tuliletewa masega na hadithi.

Na hadithi zote zilisema jambo moja: kitu chema cha nyuki kinatoka porini. Asali ya pori, nta ya pori. Nyuki wanaokaa karibu na nyumba waliitwa nyuki wa jikoni, na mwanamume aliyekuwa na mizinga nyuma ya choo chake alitaniwa mpaka akaihamisha. Recheli alilimeza hilo lote. Mnajua mgeni anavyoshika desturi za watu kuliko wenyewe. Kikundi cha wanawake wa kanisa letu la Moravian kilipopata mizinga ya masanduku, ile inayokaa usawa wa kifua cha mtu na haihitaji kukwea, yeye ndiye aliyesimama kukataa isiwekwe kijijini. Tuliipeleka kwenye kichaka cha miyombo na mitundu, mwendo wa saa moja na nusu kwa baiskeli, na tulio wanene tuliteseka. Nyuma ya jiko lake ilibaki mizinga mitatu ya zamani ya Marko. Aliirina akikumbuka, kama mtu anayelisha kuku wa jirani.

Sasa niwaambie habari ya gundi. Wengi wanajua asali na nta, lakini gundi ya nyuki wanaikwangua na kuitupa. Ni kitu cheusi chenye wekundu, kinanata vidoleni, kinanuka vizuri, na nyuki hukitumia kuziba nyufa na kupunguza mlango. Sisi tuliipaka ndani ya mzinga mpya ili kundi lishawishike kuingia, basi. Siku moja Recheli alifungua sanduku akakuta mjusi amekufa ndani. Nyuki walikuwa wamemuua na wameshindwa kumtoa, kwa hiyo walikuwa wamempaka gundi mwili mzima, mkia na vidole. Alikuwa mkavu. Recheli alimweka puani, akanipa na mimi, nikaruka nyuma.

"Nusa, wifi. Hanuki," alisema.

"Mjusi wa nini mimi?"

"Amekaa humo miezi, kwenye joto lile, na hajaoza. Kama gundi inazuia mjusi asioze, inazuia na nini kingine?"

Nilimwambia aende akanawe mikono. Lakini kuanzia siku hiyo hakutupa gundi tena. Aliikwangua kwa kisu cha jikoni chenye mpini uliofungwa kwa mpira, akaiweka kwenye makopo ya maziwa ya unga, na vidole vyake vikawa vya kahawia kabisa, hata kanisani alipopokea kikombe mtu aliviona.

Mjini Tabora yupo mama mmoja, Nurjahan, mwenye duka la asali na sabuni karibu na soko. Alipoonyeshwa gundi hiyo alisema ataichukua yote ya kikundi, kila msimu, atengenezee sabuni, lakini kwa sharti. Ipimwe kwanza ijulikane ina nguvu gani, na kila mara iwe ileile. Recheli alirudi na habari hiyo akiwa ameshaamua. Hakutuuliza.

Kabla ya kupima ulikuja mkutano wa kijiji wa mwezi wa tano, na hapo ndipo alipokosea.

Kijiji kilikuwa kinajenga nyumba ya muuguzi wa zahanati. Muuguzi wa kwanza aliondoka kwa kukosa pa kulala, wa pili akakaa miezi minne. Tulikuwa tumefyatua matofali wote pamoja, na sasa zilihitajika kuni za kuyachoma. Mwenyekiti wetu, mzee Emilian, mtu wa maneno machache na kofia kubwa, alipendekeza zikatwe kwenye kile kichaka chenye mizinga yetu. Recheli alisimama kabla hajamaliza.

"Mwenyekiti, kichaka kile kina kazi ya wanawake ishirini. Gundi itakayopimwa mjini inatoka kwenye miti ile. Mkikata pale mmetukata sisi. Kuni zipo hapahapa. Ipo miembe saba pale njia ya zamani. Mnajua wenyewe maembe yake, nyuzi tupu, hata ng'ombe anatema. Imezeeka, haina faida, kazi yake kutunza popo. Kateni ile!"

Watu walicheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Miembe ile imejipanga kwenye njia ya wapagazi, ile waliyopita babu zetu na mizigo kichwani wakitoka Tabora kuelekea kusini. Wazee husema hakuna aliyeipanda, watu walikula wakatema kokwa. Hakuna aliyeitetea. Mikono ilinyooshwa, muhtasari ukaandikwa na kupigwa muhuri: miembe saba ikatwe Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane, matofali yakishakauka. Recheli alirudi nyumbani akiimba.

Mwishoni mwa mwezi wa saba tulipanda basi kwenda mjini, yeye na mimi, na makopo mawili mapajani. Moja lilikuwa na gundi ya kichakani, ile ya fahari. La pili lilikuwa la mizinga mitatu ya nyuma ya jiko. Alilichukua kwa sababu aliambiwa alete ya kulinganishia, akasema afadhali wapate kitu dhaifu waone tofauti.

Aliyepima ni kijana wa maabara ya chuo kimoja, anaitwa Twalibu, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alituonyesha kazi yake bila kutuona wajinga. Aliiloweka gundi kwenye spiriti mpaka ikatoa rangi. Alichovya vikaratasi vya duara vidogo kuliko shilingi, akavilaza kwenye sahani za kioo alizokuwa amepaka vijidudu, vile vinavyotia usaha kwenye vidonda. Alisema turudi kesho yake. Vijidudu vitaota sahani nzima kama ukungu kwenye ugali uliolala, na kama gundi ina nguvu, kando ya karatasi patabaki peupe.

Kesho yake alitupangia sahani mezani. Kwenye ya kichakani ukungu ulikuwa umesogea mpaka kwenye karatasi, ukaacha upenyo mwembamba wa kubahatisha. Kwenye ya nyuma ya jiko palikuwa na duara safi lililoizunguka karatasi, pana kama mdomo wa kikombe cha kahawa.

"Umechanganya makopo," alisema Recheli.

"Sijachanganya, mama."

"Umechanganya. Rudia."

Twalibu alinitazama mimi, nami nikatazama dari. Alirudia. Safari hii Recheli mwenyewe alifunga uzi mwekundu kwenye kopo moja na mweusi kwenye la pili, akasimama mlangoni mpaka sahani zikaingia kabatini. Tulilala mjini kwa binamu yangu siku ya pili. Majibu yakaja yaleyale, na Recheli akakaa kwenye kiti bila kualikwa.

"Mama, sikiliza," Twalibu alimwambia. "Asali nyuki wanaitengeneza. Gundi hawaitengenezi, wanaiokota. Mti ukiumia au ukichipua hutoa utomvu wa kujikinga na vijidudu. Nyuki wanauchota, wanachanganya na nta kidogo, wanakwenda kujikinga nao kwao. Nguvu ya gundi ni nguvu ya mti. Ndiyo maana gundi ya mahali fulani haifanani na ya pengine. Huko kwenu nyuma ya jiko kuna mti ambao kichakani haupo. Mimi siujui. Na usiende kumpaka mtu kidonda ukasema Twalibu kasema. Hii ni sahani, mtu ni mwingine."

Kwenye basi alikaa na makopo mapajani mpaka Sikonge. Halafu akaniuliza, "Wifi, unga wa muhogo umebaki?"

Nilidhani ana njaa.

Kesho yake mchana, jua likiwa kali, alifukiza moshi kidogo kwenye mizinga ya nyuma ya jiko, akakaa kando ya mlango na chekecheo la unga. Kila nyuki aliyetoka alipata vumbi jeupe mgongoni. Yeye alipata miiba sita, nami miwili nikiwa mbali. Nilipewa amri zangu: nikae chini ya mikaratusi ya kanisa saa saba mpaka saa tisa, nitazame nyuki weupe, na nisisinzie.

"Kwa nini saa hiyo ya kufa na jua?" niliuliza.

"Utomvu asubuhi ni mgumu. Jua ndilo linaulainisha. Ungekuwa nyuki ungejua."

Siku ya kwanza mikaratusi, hakuna. Siku ya pili mipera ya jirani, hakuna, ila jirani aliyetaka kujua nimemwekea uganga gani. Siku ya tatu nilikuwa kwenye mnyaa wa uzio, sioni kitu, nikasikia naitwa. Recheli alikuwa amesimama kwenye njia ya zamani, kwenye mwembe wa tatu, mkono mmoja juu ya gome. Sauti yake haikuwa yake.

Kwenye ufa wa gome palikuwa na utomvu umetoka kama machozi ya mshumaa, na juu yake nyuki watatu wanauvuta kwa meno. Wawili walikuwa na migongo myeupe. Mmoja alikuwa ameshajaza miguu ya nyuma, vidonge viwili vinavyong'aa, vya kahawia iliyoiva. Tulikwenda mwembe wa nne, wa tano, wa sita, na kila mmoja ulikuwa na nyuki weupe.

Recheli alikaa chini kwenye mzizi, kitenge chake chote kwenye vumbi.

"Nimeiuza miembe kwa mdomo wangu," alisema.

Ndipo raha yangu ilipokatika. Ilikuwa Jumatano. Mathias, fundi wa matofali, alikuwa ameshanoa mashoka kwa ajili ya Jumamosi. Bila miembe, gundi yetu ilikuwa ile ya upenyo mwembamba, na Nurjahan hakuwa mtu wa kuchukua kitu kwa huruma. Wanawake ishirini tulikuwa tumeanza kupanga maisha kwa gundi hiyo. Na aliyeihukumu miembe hakuwa Emilian wala Mathias.

Mtu mwingine angeugua ghafla, akalala mpaka Jumamosi ipite. Recheli alinawa uso, akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti. Mimi nilimfuata kwa sababu sikutaka kukosa.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, Mama Jenifa. Karibu." Jenifa ni binti wa kwanza wa Recheli.

Alimweleza yote, mjusi, sahani, unga. Mzee Emilian alisikiliza, akavua kofia, akaiweka gotini.

"Mama Jenifa, mwezi wa tano ulisema nini? Haina faida, inatunza popo."

"Nilisema."

"Tena kwa sauti."

"Kwa sauti, ndiyo. Na Jumamosi nitasema kwa sauti hiyohiyo kwamba nilikuwa sijui."

"Sasa mimi nifute muhtasari wenye muhuri kwa sababu umewapaka nyuki unga?"

"Usifute. Niachie Jumamosi mpaka saa saba mchana. Watu waone wenyewe. Wakikataa, shoka la pili nishike mimi."

Emilian alisugua ukingo wa kofia. Halafu akasema atampa mpaka saa saba, lakini ajue kwamba matofali hayachomwi kwa nyuki. Kama si miembe, aseme ni kuni gani, na asimtajie kichaka, maana kichaka yeye mwenyewe alikizuia. Recheli alijibu kwamba amesikia. Njiani nilimuuliza kuni atatoa wapi. Aliongeza mwendo, na nilipaswa kushtuka hapohapo.

Jumamosi watu walifika saa mbili na mashoka. Recheli alimwomba Mathias achanje gome la mwembe wa kwanza, mapigo matatu tu, kisha asubiri. Watu wakaguna. Nani wa kusubiri saa tano nzima kwa ajili ya mchanjo? Lakini wifi yangu anaijua nchi hii. Alikuwa ameniamsha alfajiri tupike makande, sufuria mbili za shughuli, na sufuria hizo zilikuwa zinachemka palepale kando ya njia, maharage yakinukia. Hakuna Mnyamwezi aliyeondoka. Wazee waliketi, wakaanza kutaniana, Mathias akamwambia Recheli kwamba watu wa Lusu tangu lini wakajua miti, kwao wanapika kwa mavi ya ng'ombe. Alijibu kwamba ndiyo, na ugali unaiva. Nilikoroga mpaka mabega yakafa ganzi.

Saa sita alikwenda nyuma ya jiko na chekecheo lake. Saa saba jua lilikuwa juu ya vichwa vyetu. Kwenye mchanjo wa Mathias utomvu ulikuwa umetoka na kulainika, unang'aa. Akaja nyuki mmoja mweusi, akazunguka, akatua. Akaja mweupe, kisha wanne weupe kwa pamoja. Mazungumzo yakafa kidogokidogo, mpaka nikasikia mwiko wangu ukigonga sufuria.

"Hawa wametoka mashineni kusaga?" Mathias alisema, na watu wakacheka, lakini walisogea.

Mzee mmoja nyuma akapaza sauti kwamba huu ni mwezi wa maua ya miembe, nyuki wamefuata maua. Recheli alimshika mkono, akamleta mpaka kwenye mchanjo.

"Shikamoo baba, tazama mguu. Chavua ya ua ni unga, haing'ai. Hiki kinang'aa. Na huyu hayuko kwenye ua, yuko kwenye kidonda."

Mzee aliinama mpaka nikaogopa ataumwa pua. Akasema, "Kweli kinang'aa," akarudi kukaa.

Ndipo Recheli aliposimama mahali pa kuonekana na kila mtu. Hakujikunja. "Mwezi wa tano niliwaambia miti hii haina faida. Niliwadanganya bila kujua, na mlinisikiliza kwa sababu nilipiga kelele. Gundi yenye nguvu inatoka hapa, si kichakani. Nilidharau nyuki wa jikoni kwa sababu nilifundishwa kuwadharau, nikawa hodari wa kudharau kuliko walionifundisha. Naomba msiikate."

"Na kuni?" aliuliza Emilian.

Kila mtu alitazama chini. Kwa mbali yalionekana matofali yetu, safu ndefu za udongo mbichi, yanangoja moto kabla ya mvua.

"Chukueni za bani letu," alisema Recheli.

Nilidondosha mwiko. Bani ni lile banda tunalokaushia tumbaku, na bila kuni hakuna tumbaku. Kuni zile zilikuwa za miti aliyoipanda Marko mwenyewe, alizikata mwaka ule baada ya kuingoja miaka sita, akazipanga nyuma ya bani mpaka zikafika paani. Msimu mzima wa kaka yangu ulikuwa pale. Nilimchukia Recheli dakika ile, nawaambia kweli. Nilitaka mwembe umwangukie.

Marko alikuwa amesimama nyuma, mikono kifuani. Hakupandisha sauti.

"Mama Jenifa, hukuniuliza."

"Sikukuuliza."

"Kwa nini?"

"Ungekataa."

"Ningekataa." Alivuta pumzi. "Kuni zile tumezifanyia kazi wote wawili. Nusu ni yako. Nusu yako toa, sikuzuii. Yangu nitakaushia tumbaku yangu."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Recheli alimtazama, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita nilimwona anakubali jambo bila kubisha. Alitikisa kichwa kwamba sawa. Mathias na mwenyekiti walikwenda kuitazama ile nusu, wakarudi wakanong'onezana. Emilian akavaa kofia yake, akatoa hesabu: inaokoa miembe minne. Mitatu lazima ilale.

"Ipi mitatu?" aliuliza Mathias.

Ilikuwa kwa Recheli kuchagua, na hakuna aliyemsaidia. Aliipita yote saba, mmojammoja, akigusa gome. Aliuacha ule uliochanjwa, na ule wa tatu tulioukuta na nyuki kwanza, na miwili mingine. Alipofika kwenye wa mwisho alikuwa analia waziwazi, bila kujifuta, na mimi chuki yangu nikaikosa nilipoiweka. Kisha alinyoosha mkono kwa Mathias.

"Nipe shoka."

"Mama Jenifa, acha, tutakata sisi."

"Niliyeihukumu ni mimi. Nipe."

Alipiga shoka la kwanza kwenye kila mmoja wa ile mitatu, akalirudisha kwa mwenyewe, kisha akaja kunisaidia kupakua makande. Siku nne zilizofuata, saa saba, aliketi kwenye visiki. Nyuki walikuwa wengi pale kuliko alivyowahi kuwaona, wanachota utomvu wa kufa. Nilimpelekea maji. Siku ya nne nilimkuta Marko ameketi kisiki cha pili, mgongo amempa yeye, hawasemeshani, lakini ameketi.

Matofali yaliiva vizuri. Nyumba ya muuguzi ilikamilika mwaka jana, na muuguzi yupo, anaitwa Zuwena, na analalamika kuhusu bati tu. Marko alikausha nusu ya tumbaku yake na hakumsamehe Recheli mpaka Pasaka. Wanaume watatu wamehamisha mizinga yao nyuma ya vyoo vyao na hakuna anayewatania. Recheli amezika kokwa arobaini kando ya njia, kumi na tisa zimeota, na ole wako mbuzi wako apite pale.

Mwezi uliopita tulipeleka makopo kwa Nurjahan. Twalibu alikuwa ameshapima, duara lilikuwa pana kama mwanzo. Nurjahan alifurahi, akatoa karatasi ya kubandika kwenye sabuni aliyoichapisha, yenye picha ya msitu mnene. Iliandikwa kwamba hii ni gundi ya nyuki wa pori la Tabora.

Recheli aliisoma, akairudisha juu ya kaunta.

"Si ya pori. Andika ya miembe."

"Dada yangu, wateja wanapenda pori. Miembe kila mtu anayo uani. Nani atavutiwa?"

"Andika miembe, la sivyo nirudishie makopo yangu."

Nilimkanyaga mguu. Alinikanyaga na yeye. Nurjahan alimtazama usoni, akangoja Recheli ainamishe macho. Namhurumia mtu yeyote anayejaribu hilo. Mwishowe alichukua kalamu.

"Haya. Miembe. Niseme miembe mingapi, au nayo ni siri?"

"Minne," alisema Recheli.

Nurjahan aliandika. Halafu akacheka kidogo, akauliza kwa nini iwe minne tu, kwa makopo yote yale.

Recheli alikuwa ameshafika mlangoni. Aligeuka, akamtazama kama anavyotutazama sote.

"Ilikuwa saba," alisema.